Jibu: Kopo la kumbukumbu la watoto, tulizike au tuliweke ndani?

Mama Kato, umeuliza kama kopo hilo, la barua na vitu vya watoto vya kufunguliwa miaka ijayo, mlizike chini ya mwembe hapo Mbale, Uganda. Msizike! Mvua za Machi hadi Mei zitaingia, za Septemba hadi Novemba zitamalizia, na mchwa wa huku hawabagui daftari wala cheti. Liwekeni juu ya kabati, mlizungushie selotepu, muandike mwaka wa kulifungua. Kwa watoto wadogo miaka 10 yatosha.

Barua waandike kwa penseli, maana wino mwingi hutapakaa ukipata unyevu. Risiti za supamaketi zitoleeni fotokopi, karatasi ile hufifia yenyewe. Betri zote nje, huvuja na kuharibu vilivyomo. Flashi msiitegemee, picha zichapisheni. Tieni ndani pia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Mimi ningetilia mkazo bei. Kila mtoto aandike kwa mkono wake: rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mayai mawili shilingi ngapi, boda hadi shuleni ngapi, kilo ya sukari ngapi. Halafu aandike nani rafiki yake na nani hampendi darasani (hapo jiandae, majina ya binamu yatatokea). Na ukurasa huo usiusome sasa, hata ukikuwasha.