Ziara ya wazee Moshi hadi Arusha

Dada, kwa wazee 20 kwenda na kurudi siku moja, sehemu mbili zinatosha: Makumbusho ya Azimio la Arusha (Azimio ni la 1967, hapo mjadala utajiendesha wenyewe), kisha Boma la Wajerumani, siku hizi Makumbusho ya Elimu Viumbe. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80 tu, ila usipange kwa kilomita, panga kwa choo. Wengine hunywa asubuhi dawa za presha zinazoongeza mkojo. Simameni Bomang'ombe na Usa River, wala msiwaambie waruke dozi. Kodini Coaster, lakini viti vya kukunja vya katikati viacheni: vinabana magoti na kuziba njia. Bebeni kigoda imara cha kukanyagia, maana ngazi ya mlangoni iko juu.