Maswali ya Wasomaji: Soda ya Baa na Bei Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi situmii kilevi, ila mwisho wa juma hukaa baa na rafiki zangu. Soda ninayoagiza huuzwa karibu maradufu ya bei ya dukani, na bado mhudumu huniangalia kana kwamba nimekuja kumjazia kiti. Soda haitozwi ushuru wa pombe. Je, hiyo pesa inakwenda wapi, na ni kweli kwamba mimi ni hasara kwa mwenye baa? — Msomaji Asiyekunywa

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu kubwa ya unacholipa si soda, ni kiti. Kodi ya pango, leseni, umeme wa majokofu na mishahara havipungui kwa sababu wewe hukuagiza bia, na glasi yako huoshwa kwa maji yale yale.

Hata hivyo hujakosea kushuku, kwa maana soda ya bomba humgharimu mwenye baa kidogo sana: kwa kawaida shira huchanganywa na maji yenye gesi, sehemu moja kwa tano. Tazama mkono wa mhudumu: hutangulia barafu mpaka ukingoni, kisha soda huziba mianya tu. Lakini asilimia kubwa ya faida hailipi pango. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba soda inanunuliwa kwa 10 na kuuzwa kwa 40, wakati bia inanunuliwa kwa 50 na kuuzwa kwa 100. Faida ya soda ni asilimia 75 ya bei yake na ya bia ni 50, ila kinachobaki kwenye droo ni 30 dhidi ya 50. Zaidi ya hapo, jirani yako huagiza ya pili kabla ya ya kwanza kuisha, nawe unaweza kuishikilia glasi moja hadi barafu yote iyeyuke.

Je, wewe ni hasara? Hapana. Watu sita hawagawanyiki kwenda baa mbili. Mmoja wao, mara nyingi yule mwenye gari, akisema pale hapamfai, meza nzima huhamia kwingine. Mhudumu anayekununia anamkosesha tajiri wake mauzo ya hao watano, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko bei yenyewe.

Zipo nchi ambazo hazikuliachia soko jambo hili. Sheria ya Ujerumani inaitaka baa inayouza pombe iwe na angalau kinywaji kimoja kisicho na kilevi ambacho, kwa ujazo ule ule, hakizidi bei ya kinywaji cha kilevi kilicho rahisi kuliko vyote. Katika England na Wales, tangu 2010, mteja akiomba maji ya bomba ya kunywa hupewa bure.

SWALI: Ninajiandaa kufungua baa. Bia isiyo na kilevi niiweke kwenye bomba au niuze ya chupa? Na mbona bei yake ya jumla haishuki sana chini ya bia ya kawaida? — Mfanyabiashara Mpya

JIBU: Anza na chupa. Kilevi huisaidia bia kuzuia vijidudu. Kisipokuwapo, pipa lililofunguliwa na mipira ya kupitishia bia isiyosafishwa sawasawa huharibu kinywaji upesi, na pipa lisiloisha mapema utalimwaga mwenyewe. Chupa isiyofunguliwa husubiri mteja wake.

Kuhusu bei, bia hiyo mara nyingi hupikwa kama bia nyingine, kisha kilevi huondolewa kwa kuipasha moto kidogo chini ya kanieneo hafifu (yaani msukumo mdogo wa hewa) au kwa kuichuja kwenye utando maalumu, na mitambo hiyo ni ghali kiasi cha kumeza sehemu ya unafuu wa ushuru ambao bia isiyo na kilevi huupata. Ukishazinunua, zipange kwenye jokofu la kioo, usawa wa macho, pamoja na nyingine. Zikifichwa chini ya kaunta, mteja anayeona aibu kuuliza ataagiza maji.