Kaka, mpwa wako anachezea chuo, lakini chuo hakimlipi

Kaka Mkubwa, shikamoo. Na nyote mliomo kwenye kundi la familia, salaam kutoka Phoenix.

Tangu niweke ile picha ya kijana amevaa helmeti na jezi ya hoki ya barafu, ule mchezo wa fimbo na viatu vya kuteleza, yenye jina la chuo kifuani, simu yangu haijapumzika. Kaka, uliuliza mbele ya watu wote, tena kwa herufi kubwa: kama mpwa wangu anachezea chuo kikuu cha Marekani, mbona mama yake bado analia ada? Ukanitolea mfano wa mtoto wa jirani yenu hapo Chumbageni, anayecheza kikapu huku, chuo kinamlipia masomo, kitanda na chakula. Ukamalizia kwa kuuliza hela ya ufadhili naipeleka wapi. Siku tatu nimetafuta namna ya kukujibu bila hasira. Leo nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nimekunywa chai yangu, najibu.

Hakuna ufadhili. Sisi ndio tunaolipa ili acheze.

Najua hapo umeshika kichwa. Hata mimi, miaka ishirini nabeba boksi katika nchi hii, jambo hili sikulijua mpaka kijana alipoleta karatasi ya malipo mezani.

Vyuo vya huku vina timu za aina mbili. Kuna zile za idara ya michezo, zinazocheza chini ya chama kinachoitwa NCAA. Kocha ameajiriwa, daktari yupo, na mchezaji mzuri anaweza kusomeshwa bure. Huko ndiko aliko huyo wa kikapu. Halafu kuna timu za klabu. Klabu ni wanafunzi wenyewe waliojiandikisha, kama wanavyojiandikisha kwenye kwaya au chama cha mdahalo. Chuo kinawapa jina lake, rangi zake, pengine na vijisenti kidogo, yaliyobaki wanajitafutia. Kwenye hoki ya barafu ya wanaume, daraja la juu la NCAA lina timu sitini na kidogo tu, nyingi za kule kwenye baridi: Minnesota, Michigan, Boston na majirani zao. Vyuo vingine vingi vinacheza klabu, hata vile vikubwa ambavyo mpira wao wa Kimarekani unajaza watu themanini elfu uwanjani. Mtazamaji akiona jezi hawezi kujua tofauti. Ndiyo maana sikukulaumu sana, Kaka. Sana.

Fikiria upatu, ule wa Mama kila Alhamisi. Hakuna benki nyuma yake. Kuna kijumbe na daftari, na ukichelewa kutoa unasemwa. Ligi ya mpwa wako imejengwa hivyohivyo. Aprili 1991, wawakilishi wa timu 15 za klabu walikutana katika uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago. Sikukosea, ni uwanja wa ndege: kila mmoja alikuwa akitoka pembe yake ya nchi. Wakatoka hapo na chama chao, kinaitwa ACHA. Kabla yake klabu zilikuwapo miaka mingi, zikichezeana kwa mapatano. Chama kikaweka masharti: mchezaji awe mwanafunzi wa muda wote, na alama zake za darasani zisishuke chini ya kiwango. Kombe la ubingwa wa daraja la kwanza la wanaume wameliita Murdoch, jina la kocha wa chuo cha Iowa State aliyeshinda mechi zaidi ya 1,000, zote akiwa na klabu. Leo chama hicho kina mamia ya timu, za wanaume na za wanawake.

Mama Mdogo ameuliza barafu inatoka wapi jangwani. Swali zuri, maana mwaka 2023 hapa Phoenix joto lilipita nyuzi 43 siku 31 mfululizo. Barafu inatengenezwa ndani ya jengo. Chini ya sakafu ya zege kuna mabomba yanayopitisha maji ya chumvi yaliyopozwa kupita kiasi. Juu yake wanamwaga maji, tabaka jembamba baada ya tabaka, mpaka inakuwa nene kama kidole gumba kilicholazwa. Umeme wanaolipa usiulize. Kila baada ya muda linapita gari linaloitwa Zamboni, linakwangua juu na kumwaga maji ya moto kidogo ili pawe kama kioo. Mimi nikiingia humo navaa koti la baridi, kanga juu, na soksi mbili. Nikitoka nje nakutana na tanuri.

Mchezo huo jangwani haukuletwa na wanangu. Mji wa Tucson, mwendo wa saa mbili kusini mwa hapa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Arizona walikuwa na klabu tangu 1979, ikiitwa Icecats, yaani paka wa barafu. Walicheza ukumbi wa mikutano wa mji, watu wakanunua tiketi, na mwaka 1985 wakawa mabingwa wa klabu za taifa zima. Paka wa jangwani wakawapiga watoto wa theluji! Kisha 1996 timu ya kulipwa ya Winnipeg, Canada, ikahamia Phoenix. Viwanja vikaongezeka, na watoto waliozaliwa kwenye joto wakaanza kuvaa viatu vya barafu. Mmoja wao, Auston Matthews, aliyekulia Scottsdale hapa jirani, alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye usajili wa ligi ya kulipwa mwaka 2016. Kijana wangu alikuwa na miaka tisa wakati ule. Alialikwa sherehe ya kuzaliwa ya mwanafunzi mwenzake kwenye uwanja wa barafu, akaanguka mpaka nikachoka kuhesabu, na usiku ule hakulala, akiniuliza tutarudi lini. Nilidhani ni homa ya wiki moja.

Ligi yenyewe ya kanda hii, ile ya Magharibi, WCHL, ni changa, ya 2013. Ilianza na vyuo sita: viwili vya hapa Arizona, viwili vya Colorado, viwili vya Oklahoma. Baadaye wakaingia wengine, Utah, UNLV ya Las Vegas, Missouri State, na Grand Canyon ya papa hapa Phoenix. Kaka, tazama ramani. Kutoka Phoenix hadi Oklahoma ni zaidi ya kilomita 1,500, mbali kuliko Dar na Bukoba, na hao ni wapinzani wa ligi moja. Wanakwenda kwa basi au ndege, wanacheza Ijumaa na Jumamosi, Jumatatu asubuhi mtihani unawasubiri. Nani analipa nauli? Daftari la upatu.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniuma na kunichekesha pamoja. Kwenye klabu hizi, anayefanikiwa kupita kiasi anahama. Penn State, chuo cha jimbo la Pennsylvania, walikuwa wafalme wa klabu, mataji mtindo mmoja. Mwaka 2010 tajiri wa gesi, Terry Pegula, aliyesoma hapo, akatoa dola milioni 88. Wakaanza kujengewa uwanja, na 2012 wakaingia NCAA. Mwaka huohuo klabu ya Arizona State, watoto wa jangwani waliokuwa wakijilipia, ikakutana nao na kuwafunga katika muda wa nyongeza. Nasikia waliohudhuria bado wanasimulia. Arizona State wakaendelea hivyo mpaka wakatwaa ubingwa wa klabu wa taifa 2014, na Novemba ya mwaka huo ikatangazwa kwamba wafadhili wamechanga dola milioni 32 ili nao wahamie NCAA. Ligi ilikuwa na umri wa mtoto anayeanza kutembea, na tayari mkubwa wao ameondoka na kikombe. Central Oklahoma wakaokota pale, wakawa mabingwa 2015 na tena 2017.

Na haya yaliyofuata ni vituko. Arizona State walikuwa wakicheza katika uwanja mdogo wa mji wa Tempe, hapa jirani, unaoitwa Oceanside, ingawa bahari yenyewe iko mbali. Mwaka 2022 wakafungua uwanja wao mpya wa watu 5,000. Wakati huo ile timu ya kulipwa iliyotoka Winnipeg ilikuwa imekosa pa kuchezea, ikaenda kupanga kwa wanafunzi misimu miwili, mpaka 2024 ilipohamishiwa Salt Lake City. Mabilionea wamepanga chumba kwa mwanafunzi! Nilicheka peke yangu kwenye basi.

Chuo cha kijana sikitaji, mwenyewe ameniomba, kwa sababu ya haya ninayoyasema. Hakuna tajiri aliyekitembelea. Msimu huu tumelipa dola 3,800, kwa mafungu manne. Humo mna kukodi barafu, ambayo kwa saa moja ni mamia ya dola, waamuzi, nauli na jezi. Viatu ni juu yako, fimbo ni juu yako, na fimbo za siku hizi ni za nyuzi za kaboni, inavunjika kama muwa na dola mia mbili zimekwenda. Saa nzuri za uwanja wanapewa wanaolipa zaidi, kwa hiyo mazoezi ya klabu yanaanza saa nne usiku. Kijana anarudi saa saba, mimi niko kazini, tunasalimiana kwa karatasi juu ya friji. Mwaka jana walikosa hela ya safari moja, wakafanya changizo: wakaosha magari, nami nikapika maandazi na sambusa mia mbili. Sambusa ziliisha kabla ya magari kulowa.

Novemba alivunjika mfupa wa bega kwa kubanwa ukutani. Bima ililipa, lakini si yote. Hospitali ikaniletea bili ya dola 1,900 niliyoimaliza mwezi uliopita. Kaka, zile miezi ulizoona fedha ya Mama inachelewa, ndizo hizo. Sikusema kwa sababu nilijua mngesema nimemwachia mtoto mchezo wa wazungu.

Basi hilo nalo ngoja nilijibu, maana Mama Mdogo amelisema wazi. Kwenye timu yeye ndiye Mweusi peke yake, na kuna uwanja mmoja aliwahi kurushiwa neno ambalo siliandiki. Kocha alisimamisha mazoezi ya siku iliyofuata wakazungumza. Likaisha kwa namna ilivyoisha. Lakini mchezo wa wazungu si kweli yote. Huko Nova Scotia, Canada, watu Weusi waliunda ligi yao ya hoki mwaka 1895. Willie O'Ree, Mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya kulipwa ya hoki, aliingia na timu ya Boston mwaka 1958, tena akiwa haoni kwa jicho moja, na alilificha. Na jirani zetu Nairobi wana uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari tangu 2005. Vijana wa pale, Ice Lions, walipelekwa Canada mwaka 2018 wakacheza pamoja na Sidney Crosby, nyota wa hoki wa Canada, na 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la hoki ya barafu la dunia. Kijana ana picha yao ukutani, juu ya kitanda. Ameniuliza kama Mtanzania anaweza kuchezea Kenya. Nimemwambia amuulize mjomba wake, kwa hiyo jiandae.

Umeuliza pia kama mwisho wake ni kuajiriwa na timu ya kulipwa. Hapana. Wapo wachache waliotoka klabu wakapata timu ndogo za kulipwa, zenye mshahara ambao mimi kwa kulea wazee naupita. Yeye anasoma uhandisi wa maji, na alama zikishuka chama kinamtoa kabla sijamtoa mimi. Kuna vyuo vidogo vya binafsi ndani ya chama hichohicho vinavyotoa ufadhili kwa wachezaji wa hoki, tulivitazama. Baada ya ufadhili, ada yao bado ilikuwa juu kuliko ya chuo cha jimbo. Nilipiga hesabu mara tatu kwenye bahasha ya bili ya umeme.

Mbona basi nalipa? Nilimwambia aache, baada ya bega. Akaenda kutafuta kazi ya kuendesha lile gari la Zamboni, usiku wa Jumapili hadi Jumatano. Sasa robo tatu ya mchango anautoa mwenyewe. Nikakosa la kusema.

Harusi ya Desemba nitatuma cha kwangu, lakini tiketi ya kuja sina, na tusizunguke hapo.

Wanaotaka kumwona: Ijumaa ijayo wanacheza nyumbani saa moja na nusu usiku. Arizona hawabadilishi saa zao kama majimbo mengine, kwa hiyo tofauti yetu ni saa kumi mwaka mzima, na kwenu itakuwa Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mkitoka kuswali washeni simu, nitaweka anwani hapa. Anavaa namba 21. Mkimwona anaingia na baada ya muda mfupi anatoka, msinipigie kuuliza amekosa nini. Wanakimbia hata dakika haifiki, wanabadilishana, anarudi tena.