Usiuze hiyo vani. Uza lile basi dogo

Mleta mada, kama tangazo la kuuza vani umeshaliweka, litoe kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nimesoma ulichoandika nikarudia. Una gari dogo la saluni, una vani ambayo inawaka kila asubuhi lakini ndani ni tupu, na una basi dogo lenye kitanda, jiko na makabati, ambalo limelala uani tangu siku lilipochemsha. Kipato ni kidogo, kodi ya nyumba imekushinda, unataka uishi ndani ya gari. Mpango wako ni kuuza vani, hela yote iingie kwenye injini ya basi, saluni ibaki kwa mizunguko midogo. Na kuna fundi amekuhakikishia kwamba "ni gasketi tu", yaani kile kipande chembamba cha kuziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku (mwili wa injini).

Hayo maneno matatu na mimi niliambiwa, na aliyeniambia sijamsamehe hadi leo.

Nilikuwa na pikapu nzima kabisa na lori dogo lenye bodi ya nyumba mgongoni. Lori lilikuwa limechemsha likazimika njiani. Fundi akaja, akafungua boneti, akazungusha kifuniko cha oili, akakichungulia. Chini ya kifuniko kulikuwa na povu zito la rangi ya maziwa. Nililiona kwa macho yangu, sikujua maana yake. Yeye alijua kwamba huenda maji yanaingia kwenye oili. Alitoa kitambaa mfukoni, akalifuta, akafunga kifuniko na kuniambia ni gasketi ya hedi tu, kazi ya siku mbili tatu. Nikauza pikapu kwa maneno hayo.

Sasa sikiliza jinsi hela inavyokwisha. Hedi ilipofunguliwa ilikuwa imepinda. Injini nyingi zina hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na alumini hutanuka zaidi ya chuma inapopata moto, kwa hiyo ikichemka vibaya hata mara moja tu, hedi inaweza kupinda na gasketi ikaachia. Ikapelekwa kusawazishwa kwenye mashine, nikalipa. Imesawazishwa, imesafishwa, ndipo ufa ukaonekana katikati ya vali mbili. Nikanunua hedi ya mtumba. Ikafungwa na gasketi mpya na boliti mpya, gari likawaka, nikafurahi. Halikufika mbali, likachemsha tena.

Kwa nini? Kwa sababu gasketi ilikuwa dalili. Ugonjwa ulikuwa rejeta, ilikuwa imeziba ndani tangu mwanzo na maji yalikuwa hayapiti vizuri. Fundi anayejua kazi yake, kabla hajagusa boliti hata moja ya hedi, atakuuliza gari lilichemsha kwa sababu gani: rejeta, pampu ya maji, themostati, feni, bomba lililopasuka au mfuniko wa rejeta usioshika presha? Huyu hakuuliza chochote. Safari hii maji yaliingia kwenye oili nami nikiwa barabarani. Oili yenye maji haishiki beringi, beringi zikaliwa, injini ikanoki, yaani ikafa kabisa. Hapo ikawa ni injini nzima ya kubadilisha, na hela ya pikapu ilikuwa imekwisha.

Nikawa nalala uani kwa fundi, ndani ya nyumba yangu ya magurudumu isiyoweza kusogea hata hatua moja, na pikapu yangu naiona ikipita barabarani ikiwa na mwenyewe mpya. Kibarua nilichokuwa nafanya kilitegemea pikapu, nacho kikaenda. Kila nilichohitaji, maji, gesi, chakula, nilikodi usafiri kukifuata. Mtu mwenye akiba anaweza kusimama mahali akangoja spea. Wewe umesema mwenyewe huna akiba.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yote utayaacha: mwenye hela kidogo anabaki na gari linalotembea leo. Usichague kwa sababu ya kilichojengwa ndani yake, wala kwa kufikiria litakavyokuwa zuri likishatengenezwa. Linawaka asubuhi injini ikiwa ya baridi? Linapanda mlima bila sindano ya joto kupanda nalo? Spea zake fundi yeyote anazijua? Hilo ndilo la kubaki nalo.

Na ninyi mliomjibu hapo juu kwamba "nyumba tayari iko ndani ya basi, asiiache", naomba mfikirie mnachomshauri mwenzenu. Kilichomo ndani ya basi ni mbao, godoro, sinki na jiko la gesi. Vyote hivyo vimefungwa kwa skrubu, na kilichofungwa kwa skrubu kinafunguka. Kitanda cha basi kinaweza kukatwa kikaingia kwenye vani kwa msumeno na wikiendi moja. Injini ya vani huwezi kuihamishia kwenye basi kwa msumeno.

Unapohamisha vitu, kitu kimoja tu ukiangalie sana, nacho ni uzito. Tafuta kibati cha uzito, mara nyingi kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti, usome uzito wa juu unaoruhusiwa. Kisha pakia vani kama utakavyoishi nayo, wewe mwenyewe ukiwa ndani, uipitishe kwenye mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki la lita 100 ni kilo 100 kabla hujaweka hata sufuria. Makabati ya ubao mzito ya basi yaache huko huko. Vani iliyozidi uzito inakula breki, matairi na springi, na ikipata ajali bima inaweza kukataa kulipa. Hilo basi nalo usidhani litakupunguzia shida upande huo: katika nchi nyingi leseni ya gari dogo inaishia kilo 3,500 za uzito wa jumla. Umeangalia leseni yako? Hukusema.

Umesema pia kwamba matairi ya basi "bado mapya, meno yote yapo". Angalia ubavuni, tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la gari lililolala linazeeka bila kuisha meno, mpira unakauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni. La zaidi ya miaka 10 ni la kutupa, hata kama linang'aa. Kama matairi ya basi ni ya zamani, huo ni mzigo mwingine juu ya injini ambao fundi wako hakuutaja.

Saluni nayo naona iende. Ukiishi kwenye vani, saluni utaiacha wapi? Huwezi kuendesha magari mawili kwa pamoja, na linaloachwa linakufa taratibu: betri inashuka, diski za breki zinashika kutu, petroli inachacha baada ya miezi michache, panya wanatafuna nyaya. Huku nyuma bima na usajili vinadai kila mwaka, liende lisiende. Ukiuza saluni na basi, hiyo hela ndiyo akiba yako ya vani. Ibadilishie mkanda wa taimingi kama hujui mara ya mwisho ulibadilishwa lini, maji ya rejeta, oili na filta, breki, halafu inayobaki usiiguse. Hiyo ni ya siku itakapoharibika, maana itaharibika. Nitakuelewa ukibaki na saluni kwa sababu moja tu, kama ndiyo inayokuletea riziki na vani haiwezi kufanya kazi hiyo.

Najua uliuliza pia habari za paneli za sola na anwani ya kupokelea barua. Wapo humu wanaoyajua hayo, watakujibu. Mimi nimekuja kwa ajili ya hiyo vani, kwa sababu tangazo likikaa hewani siku moja zaidi anaweza kutokea mtu mwenye hela taslimu ukashindwa kukataa.

Kesho asubuhi kabla hujaiwasha, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta uangalie kama maji yamejaa na kama kuna mafuta yanaelea juu. Usiufungue hata siku moja injini ikiwa ya moto, maji yaliyo kwenye presha yatakubabua uso. Kisha chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Povu kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake linaweza kuwa unyevu tu wa safari fupi fupi, lakini oili ya kwenye dipstiki ikiwa na rangi ya maziwa, hayo ni maji. Ukimaliza vani, fanya hivyo hivyo kwenye basi. Piga picha za dipstiki zote mbili, za kibati cha uzito cha vani, na za tarakimu za matairi, uzilete hapa tuzione.

Na tangazo la basi liandike kwa ukweli: injini ilichemsha, haliwaki, bodi na ndani ni vizuri. Usimfanyie mwenzako nilichofanyiwa mimi. Wapo wanaotafuta bodi tu ya kuweka shambani, na wapo mafundi wanaotaka giaboksi, difu na ekseli. Kama hatatokea wa kulinunua zima, toa kwanza jiko, sinki na godoro vyako, kisha waite hao.