Kabati limegoma kutoka mlangoni

*Shangazi shikamoo. Tumepewa notisi ya kuhama nyumba ya kupanga hapa Ng'ambo, Tabora. Kabati langu la mninga, zawadi ya mama, fundi alilitengenezea humohumo chumbani, na sasa halipiti mlangoni. Mume wangu, Mzaramo, anataka likatwe kwa msumeno. Mimi nasema tuvunje ukuta, tumlipe mwenye nyumba. Wiki ya pili sasa tunaongea kupitia mtoto. Jumamosi mjomba wake anakuja kuamua. Mama Wawili.*

Marahaba mwanangu. Nimecheka kwanza, unisamehe. Anayenitia wasiwasi ni huyo mjomba.

Bibi yangu alitusimulia habari za mke mwenye mtungi aliorithi kwa mama yake, na mume mwenye beberu. Siku moja beberu akafuata machicha ya pombe mtungini. Kichwa kikaingia, pembe zikagoma kutoka. Mke: "Chinja!" Mume: "Vunja!" Huku wanabishana, beberu anazunguka uani na mtungi kichwani, anagonga mwembe, anarudi, anagonga tena. Akaitwa mzee mwenye busara. Akanywa kata moja, akafikiri. Akanywa ya pili. "Kateni kichwa." Kikakatwa, kikabaki ndani ya mtungi. Mzee akakuna kidevu. "Basi, sasa vunjeni mtungi."

Aliondoka na paja. Wenyewe wakamsindikiza hadi njia panda, wakisema bila yeye wangefanyaje!

Mjomba wa Jumamosi namwona kashika msumeno huku, sururu huku.

Mumeo ni mtani wangu, Wanyamwezi na Wazaramo tunatukanana tangu enzi za misafara, kwa hiyo namsema bila woga: anayetaka kukata mninga kwa hasira hajawahi kuubeba. Nawe, ukuta wa mtu unaufanyaje?

Barua yako ina kurasa tatu. Umenieleza mama alivyouza mpunga anunue mbao, hata wifi yako alivyocheka. Vipimo, hakuna! Kabati lina upana gani? Mlango je? Azimeni futi kamba, mume ashike ncha moja, wewe nyingine. Sentimita hazitumwi kwa mtoto.

Kisha mwiteni fundi yuleyule. Alijua mlango uko wapi. Atazame mgongoni: pakiwa na playwudi iliyogongelewa misumari midogo, inang'oka. Milango ya kabati itolewe kwenye bawaba, na mlango wa chumba pia, sentimita mbili tatu zipatikane. Palipofungwa skrubu hapana kesi. Palipotiwa gundi, yeye ndiye aseme pa kuachanisha bila kupasua, akaliunge huko mnakohamia. Mninga haujikunji ovyo ukishakauka, vipande vitarudiana.

Hayo yote yafanyike kabla ya Jumamosi. Mjomba mpikieni wali. Akiuliza msumeno, mwambieni umeazimwa.