Kuizunguka Ghuba ya Speke: nenda kwa lami, rudi kwa meli

Mwanza haina maporomoko ya maji. Anayeyataka afunge safari hadi Rusumo, Ngara, mpakani na Rwanda, Mto Kagera unapojibwaga kwenye miamba. Sisi tulichojaliwa ni mawe na ziwa, na njia nzuri ya kuvifaidi vyote viwili ni kuizunguka Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria: unatoka Mwanza kwa lami kupitia Magu, Lamadi na Bunda, unakata kushoto hadi Kisorya, unavuka kwa pantoni kuingia kisiwa cha Ukerewe, kisha unarudi Mwanza kwa meli kutoka Nansio, mji wa kisiwa hicho. Siku mbili zinatosha kwa kukimbizana. Tatu ndiyo raha yenyewe.

Wengi hupanda meli kwanza na kurudi kwa barabara. Sishauri. Asubuhi ziwa mara nyingi limetulia, mchana ndipo upepo unapoamka na mawimbi yake, kwa hiyo meli ya asubuhi kutoka Nansio inamfaa hata yule ambaye tumbo lake halipatani na maji. Na ukirudi jioni kwa barabara, kuanzia Magu jua linakuchoma machoni hadi Mwanza, huku ng'ombe wakivuka kurudi zizini. Mwenye gari lake, asipopata meli inayobeba magari, atarudi alikopita. Basi na alale Ukerewe, aondoke na pantoni ya mapema.

Hata asubuhi jua lina vituko vyake. Mwanza kunapambazuka kwa kuchelewa, jua huchomoza karibu saa moja kasoro robo, na barabara ya Magu inaelekea mashariki. Ukitoka saa kumi na mbili utakuwa umeshapita Kisesa kabla jua halijakukaa usoni. Kioo cha mbele kifute kwa ndani pia, maana ukungu wa vumbi wa ndani huuoni mpaka mwanga uupige. Hapo Kisesa pana njia ya kuingia Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, lakini Bujora ni ya siku yake. Ukiingia kwa nusu saa utakuwa umejidhulumu.

Kwenye basi kaa kushoto, ndiko ziwa liliko. Kwenye gari binafsi adui wako ni kibao cha 50. Vijiji vimepangana, kila kimoja kina kibao chake, na askari wa tochi ya kupima mwendo hupenda kukaa pale unapodhani kijiji kimekwisha. Usiongeze mwendo mpaka ukione kibao cha kufuta. Matuta mengine yamefutika rangi, hivyo tazama gari la mbele: taa zake za breki zikiwaka bila sababu, tuta hilo. Kibao cha pembetatu, mtungi wa kuzimia moto na taili la akiba lenye upepo, hivyo viwepo kabla hujaulizwa.

Chakula cha njiani usibebe biskuti. Ukibahatika kukuta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa ndipo vikaanikwa, nunua ya kutosha. Hayaozi, hayamwagiki, na yanashiba. Michembe ni kitu kingine: hiyo imeanikwa mbichi, inahitaji sufuria, kwa hiyo peleka nyumbani.

Ukipita Lamadi, Serengeti inakuja hadi barabarani, na lango la Ndabaka liko hapo hapo mkono wa kulia. Hapa punguza mwendo hata kama hakuna kibao, na usipite usiku. Wanyama hawajui mpaka wa hifadhi unaishia wapi. Usichepuke kwenye njia za udongo mweusi, ule wa mbuga, kama mvua imenyesha siku mbili zilizopita. Juu unaonekana umekauka, umepasuka hata nyufa, kumbe chini bado ni ugali. Gurudumu likishazama, kila ukikanyaga mafuta unachimba kaburi. Miezi ya kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo salama zaidi kwa michepuko.

Jaza mafuta Bunda. Kisorya usifike ukiwa na wasiwasi wa mafuta, foleni ya pantoni inatosha. Kwenye pantoni abiria wote hushuka na kupanda kwa miguu, dereva hubaki peke yake. Gari la chini hukwaruza bampa pale ulimi wa pantoni unapokutana na nchi kavu, kwa hiyo panda kwa mshazari, gurudumu moja litangulie, taratibu. Ukishasimama, handibreki na gia, vyote viwili. Vioo viache wazi.

Ukifika Nansio mchana, usikimbilie mawe. Jiwe la granaiti lililopigwa jua tangu asubuhi linawaka saa nane kuliko saa sita. Pumzika, ule sato, utoke saa kumi. Giza linaingia haraka huku kwetu, saa moja na robo huoni tena unapokanyaga, hivyo anza kushuka saa kumi na mbili hata kama wenzako bado wanapiga picha. Kwa asubuhi yake, panda miamba ya Handebezyo na mtu wa huko huko. Maji lita tatu kwa mtu, na viatu vya soli ya mpira laini. Soli ngumu inateleza hata pakavu.

Mawe yenyewe yasome. Pale penye madoa ya kijani na kijivu ni kuvu: yakiwa makavu yanashika vizuri, yakiloa umande ni sabuni. Magamba ya jiwe yaliyobanduka kama maganda yagonge kwanza kwa kisigino. Yakitoa sauti ya debe tupu, usiyaamini. Usiingize mkono kwenye ufa usiouona ndani. Pimbi hukaa humo, na nyoka huwafuata pimbi. Na ukishika minyaa ya uzio kujizuia usianguke, usijifute jasho. Maziwa yake yakiingia jichoni ni kuosha kwa maji safi mengi kisha zahanati.

Ufukweni tembea kwa heshima. Zile nyavu zilizotandazwa mchangani si takataka, ni dagaa wanaokauka. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, huanikwa asubuhi, na kwa jua zuri jioni wako tayari. Ukikanyaga umekanyaga mshahara wa mtu. Njia za zamani za pwani usiziamini kwa ramani ya simu, ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na pengine njia inaishia ndani ya matete. Kwenye matete usioge: konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na mamba pia. Ukiwa umeoga, usipime wiki ile ile ukafurahi. Mayai hayaonekani mapema, pima baada ya miezi miwili hadi mitatu.

Kama una siku ya tatu na unataka jiwe linalocheza la kisiwa cha Ukara, unapanda pantoni Bugolora. Kwenye njia hiyo ndiko pantoni ya MV Nyerere ilikozama tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa imekaribia kutia nanga Ukara. Ilijengwa kubeba watu 101, na waliokufa tu walizidi 200. Kwa hiyo ukiona chombo kimejaa, subiri kingine, hata ukichekwa. Uliza maboya yako wapi kabla hakijaondoka, na kikikaribia gati usisimame upande wa kushukia mpaka kifungwe kamba.

Ratiba ya meli ya kurudi hubadilika. Iulize bandarini Nansio jana yake, tena kwa mtu wa tiketi, si kwa bodaboda. Taja jina lako kamili wakati wa kukata, linaingia kwenye orodha ya abiria. Safari ni kama saa tatu. Upande wa kulia una kivuli asubuhi, wa kushoto una jua lakini ndiko vilima vya mawe vya Mwanza vinakojitokeza. Chukua kushoto, na kofia.