Maswali ya Wasomaji: Kwa nini ndege hutikisika karibu na mlima ilhali hakuna wingu?

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Mwezi Julai nilipanda ndege ndogo asubuhi kutoka Arusha kuelekea Serengeti, na anga haikuwa na wingu hata moja. Tulipokuwa tukiupita Mlima Meru, ndege ilirushwa juu na chini kwa nguvu hata mama aliyeketi kando yangu akaanza kusali kwa sauti. Nilidhani misukosuko ya hewa huletwa na mawingu ya mvua. Na kama wataalamu wanajua kwamba milima huleta jambo hili, kwa nini hawatabiri mahali penyewe ili marubani wapaepuke? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa safari hiyo. Wingu hutuonyesha tu mahali ambapo mvuke umegeuka kuwa matone. Kinachotikisa ndege ni mwendo wa hewa, na hewa kavu inaweza kwenda kasi, kupinda na kuviringika pasipo kuacha alama yoyote inayoonekana kwa macho.

Mabaharia wa pwani huuita upande unaopigwa na upepo goshini, na ule uliokingwa huuita demani. Mtu angetarajia utulivu demani mwa mlima, lakini huko ndiko kwenye vurugu. Upepo unapoufikia mlima husukumwa juu. Ikiwa siku hiyo hewa imejipanga kwa tabaka, ile ya baridi na nzito ikiwa chini na yenye uvuguvugu juu yake, kama inavyotokea mara nyingi asubuhi, basi hewa iliyopandishwa hujikuta nzito kuliko inayoizunguka, nayo hushuka. Ikishuka hupitiliza kimo chake cha awali, hujikuta nyepesi, na kupanda tena. Hivyo huzaliwa mawimbi yanayoweza kuendelea kwa makumi ya kilomita ng'ambo ya mlima, na kutoka kilele cha wimbi moja hadi kingine kwa kawaida ni kati ya kilomita 5 na 30. Ndani ya wimbi lenyewe ndege inaweza kupita kwa ulaini. Hatari kubwa ipo chini ya vilele vya mawimbi hayo, takriban kwenye kimo cha mlima, ambako hewa huviringika kama gogo linalobingirishwa. Upepo wa kusi ukivuma kutoka kusini-mashariki mwezi Julai, demani mwa Meru ni kaskazini-magharibi, yaani karibu na njia yenu, na huenda hapo ndipo mlipoguswa.

Tukio lililowafungua wengi macho lilitokea Japani tarehe 5 Machi 1966. Ndege ya abiria aina ya Boeing 707 iliondoka Tokyo kwenda Hong Kong mchana wenye anga safi, ikapita demani mwa Mlima Fuji wakati upepo mkali ulikuwa ukivuma juu ya kilele hicho cha mita 3,776. Ilivunjika vipande angani, na watu wote 124 waliokuwamo walifariki. Wachunguzi waliona kwamba ilikumbana na msukosuko wa hewa usio wa kawaida. Ndege ya kivita iliyotumwa kuitafuta nayo ilitupwa huku na huku vibaya katika eneo hilohilo. Siku ile nzuri ya kuutazama mlima ndiyo iliyokuwa siku mbaya ya kuupita kwa karibu.

Kuhusu utabiri, mtaalamu hutazama kasi ya upepo kwenye kimo cha kilele, mwelekeo wake dhidi ya mlima, na jinsi joto linavyobadilika kadiri mtu anavyopanda. Upepo ukizidi kilomita 40 hivi kwa saa na kuikata safu ya milima karibu moja kwa moja, rubani huanza kujihadhari. Kwa mlima uliosimama peke yake kama Meru au Fuji, upepo hafifu hauupandi, bali hugawanyika na kuuzunguka.

Ugumu upo kwenye mahali penyewe ulipopauliza. Kompyuta za utabiri huigawa dunia katika miraba, na kila mraba hupewa kimo kimoja tu cha ardhi. Miraba ikiwa ya kilomita 10, kilele chenye ncha hulainishwa kikawa kilima kipana, na hewa inayoviringika katika eneo la mamia ya mita haina pa kuonekana. Mnamo Machi na Aprili 2006 watafiti walipeleka ndege, rada na laida, chombo kinachopima upepo kwa mwanga wa leza, kwenye bonde la Owens huko California, ambako milima ya Sierra Nevada huteremka karibu mita 3,000. Utafiti wa aina hiyo umeonyesha kwamba ndani ya mviringo mkubwa wa hewa humo mna midogo iliyo mikali zaidi, ambayo huzuka na kutoweka kwa dakika chache. Kwa hiyo mtabiri anaweza kutaja eneo na saa za hatari, lakini si nukta wala dakika. Kwa maoni yangu onyo la namna hiyo linatosha kumfanya rubani aongeze umbali wake na mlima, na linastahili kuheshimiwa hata jua linapowaka. Uwanja wa ndege wa Hong Kong, uliozibwa na milima ya kisiwa cha Lantau, ulianza mwaka 2002 kutumia laida kuwaonya marubani, kwa kuwa chombo hicho huona vumbi jembamba linalopeperushwa hata pasipokuwa na mvua.

SWALI: Je, lile wingu lenye umbo la sahani linalokaa juu ya Kilimanjaro bila kusogea ni dalili ya mawimbi hayo? – Msomaji, Moshi

JIBU: Mara nyingi ndiyo. Wingu hilo huonekana limetulia, kumbe upepo unalipenya muda wote: matone huzaliwa kwenye ukingo wa goshini, ambako hewa inapanda na kupoa, na kuyeyuka kwenye ukingo wa demani inaposhuka. Hewa ikiwa kavu mno wingu halitokei, ingawa mawimbi yanaweza kuwapo vilevile.